Ridhaa Wawili

Kikundi chetu cha kusoma hapa Kakuma kina nakala tatu za Chozi la Heri na nakala moja tu ya Kusadikika. Hiyo ya Kusadikika haina jalada, na karatasi zake za mwisho zimeng'oka, kwa hiyo ukifika pale ilipokatika inabidi mwenzako akusimulie ilivyoisha. Tunakutana Jumamosi saa kumi jioni, jua likishapungua ukali, kwenye banda la mabati ambalo asubuhi huwa la watoto wa chekechea. Tunakalia viti vyao. Mtu mzima akikalia kile kiti magoti yanamfika kidevuni, lakini tumezoea.

Mimi nafanya kazi na vijana, si mwalimu wa fasihi. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Ninachojua kuhusu vitabu nimekipata kwa kusoma na kubishana na watu, kwa hiyo msomaji akikosa istilahi hapa asinilaumu.

Aliyeanzisha habari hii ni msichana wa kidato cha pili. Alikuwa anasoma Kusadikika kwa sauti, akasimama katikati ya sentensi.

"Yaya, huyu Ridhaa ni yule yule wa Chozi la Heri?"

(Sisi Wakongomani yaya ni yeyote aliyekutangulia kuzaliwa. Wenzetu Wakenya wakisikia wanacheka, maana kwao yaya ni yule anayelea watoto wa tajiri.)

Nilinyamaza. Chozi la Heri nimeisoma mara tatu, nikaijibia mtihani wa KCSE. Kusadikika niliisoma baadaye, kwa hiari yangu. Na hata siku moja sikuwahi kuwaweka hao wawili pamoja. Niliona aibu kidogo, nikajifanya nilikuwa nangoja mtu aulize. Kijana mwingine naye akadandia: je, Kaizari wa Chozi la Heri ni yule wa Nyerere? Maana Mwalimu alitafsiri tamthilia ya Shakespeare, na toleo la 1969 likaitwa Juliasi Kaizari. Nikasema hapana bana, hiyo tuiache siku nyingine. Lakini swali la Ridhaa nilikwenda nalo nyumbani, na sijaliacha tangu siku hiyo.

Nianze na yule wa zamani. Shaaban Robert alizaliwa 1909 upande wa Tanga, akawa karani wa serikali chini ya Waingereza, akafariki 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Kusadikika ilitoka 1951. Mwaka ule karani Mwafrika hakuweza kuandika waziwazi kwamba serikali inawafunga watu kwa sababu ya mawazo yao. Kwa hiyo akaiondoa nchi yake duniani kabisa, akaiweka angani, akaipa mfalme na mawaziri. Kijana Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno. Kosa lake? Kufundisha watu sheria. Na namna anavyojitetea ndiyo inayonipendeza: badala ya kubishana na mashtaka, anawasimulia watawala habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa nje kwa faida ya nchi, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wanne walikwenda pande nne za dunia, mmoja akapelekwa juu na mmoja akateremshwa chini. Ridhaa ndiye aliyekwenda mbinguni. Kila mmoja alirudi na jambo jema la kuwafaa watu wake, na kila mmoja, aliporudi tu, akatiwa ndani.

Ridhaa wa pili aliandikwa na Assumpta Matei mwaka 2014. Huyu ni daktari. Kitabu kinapoanza tunamkuta kwenye magofu ya nyumba yake mwenyewe, moto umeshapita, na mkewe Terry na jamaa wengine wa nyumbani wameteketea humo. Kulikuwa na uchaguzi, watu wakagawanyika, na katika moto huo limo jina la jirani yake wa miaka mingi, Mzee Kedi. Baba yake Ridhaa alikuwa amehamishia sehemu ya familia yake kubwa Msitu wa Heri kwa sababu ardhi ya zamani ilikuwa haiwatoshi. Ridhaa alikulia huko, akasoma huko, akatibu watu wa huko. Siku ya siku, hiyo miaka yote haikuhesabiwa.

Basi, miaka 63 kati ya kitabu na kitabu, na jina ni moja. Sijui kama Matei alilichukua kwa Shaaban Robert makusudi, na kwa hoja yangu si lazima. Ukiwaweka wawili hao kwenye kiti kimoja unaona kitu hiki: Ridhaa wa kwanza aliadhibiwa kwa sababu alitoka akarudi, na wa pili aliadhibiwa kwa sababu alikuja akakaa. Wa kwanza nchi ni yake kabisa, hakuna anayembishia, ila anachokileta kutoka nje ndicho kinachoogopwa. Wa pili hata alete nini, hata atibu wangapi, wanaangalia alikotoka baba yake.

Sisi tunaosoma hapa tumo katikati ya hao wawili. Mtu aliyekaa kambini miaka 15 anaogopa yote mawili. Akibaki, ni mgeni. Akirudi, ataulizwa alikuwa wapi, na alichojifunza huko ni kwa faida ya nani. Mjomba wangu alirudi Uvira kuangalia shamba, wakamwita Mkenya. Huku Kenya hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita hivyo.

Halafu jina lenyewe. Ridhaa ni kukubali, ni kuwa radhi. Kazini kwangu neno hili nalishika kila wiki, kwa sababu mtoto hawezi kwenda safari ya michezo Lodwar bila mzazi kutia sahihi kwenye fomu ya ridhaa. Kina mama wengi wanatia kidole gumba. Siku moja mama mmoja aliniuliza, wino ukiwa bado kidoleni: "Na ile siku tulitoka nyumbani, ile fomu ilikuwa wapi?" Alicheka, nami nikacheka, halafu tukaacha kucheka. Tangu siku ile kila nikikutana na jina la Ridhaa kitabuni namkumbuka, na naona waandishi wote wawili wamempa jina hilo mtu ambaye mambo makubwa ya maisha yake yanatendeka bila kuulizwa kama yuko radhi.

Sasa nifike mahali ambapo kwa kweli nilitaka kufika.

Katika Chozi la Heri, Ridhaa akiwa mtoto shuleni, wenzake wanamtenga na kumwita mfuata mvua. Maana yake ni kwamba nyinyi si wa hapa, mmekuja kwa sababu hapa kuna mvua na rutuba. Mtoto anarudi nyumbani analia. Baadaye anawapita wote darasani, anakuwa daktari, lakini lile neno halikufa, lilikuwa limelala tu. Tuliposoma sehemu hiyo kidato cha tatu, mwalimu aliuliza nani amewahi kuitwa jina kama hilo. Darasa zima la wakimbizi, si unajua, mikono yote ikapanda. Wangu pia ulipanda. Halafu ukateremka wenyewe.

Maana nilikumbuka bombani. Nilikuwa darasa la tano. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na mvulana wa darasa letu, Munyamulenge, ambaye muhula ule alikuwa ametupita wote kwenye hesabu. Jerikeni yake ilikuwa imefika mbele ya yangu kihalali kabisa. Nikamwambia arudi kwao Rwanda. Nilisema kwa sauti, ili wengine wasikie, na wengine wakasikia wakacheka. Huyo mvulana hakuwahi kuishi Rwanda. Alizaliwa milimani juu ya Uvira, kama mimi nilivyozaliwa chini kando ya ziwa, upande wa Fizi. Kutoka kwao mpaka kwetu ni mwendo wa miguu.

Kwa hiyo nilipokuwa nasoma riwaya, kila mtu darasani alikuwa anajiona Ridhaa, na mimi nikajikuta ni yule mtoto mwingine, yule aliyetamka. Riwaya inapita kwake haraka. Hatuambiwi alikula nini asubuhi ile wala nani alimfundisha neno lile. Mimi naweza kusema nani alinifundisha. Hakuna aliyenifundisha. Lilikuwa linazunguka nyumbani kama harufu ya samaki, ukikaa humo huisikii tena.

Neno kama hilo huwa na historia ndefu, na kila nchi ina lake. Hapa Kenya, baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi katika Bonde la Ufa yaligawiwa au kuuzwa kwa miradi ya serikali na kwa makampuni ya watu waliochanga pesa. Familia kutoka sehemu nyingine zikahamia huko. Watoto wakazaliwa, makaburi yakachimbwa, lakini ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, familia zile zile zikaanza kuitwa madoadoa, yaani kitu cha kusafishwa. Mapigano ya 1992, ya 1997, halafu yale makubwa: matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na mpaka makubaliano yaliposainiwa tarehe 28 Februari 2008 chini ya upatanishi wa Kofi Annan, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamehama makwao. Matei hakuitaja Kenya. Aliiita nchi yake Wahafidhina, kama vile Shaaban Robert alivyoiita yake Kusadikika. Mmoja alikuwa chini ya gavana wa Kiingereza na mwingine yuko katika nchi huru yenye katiba mpya, na bado wote wawili wakaona heri jina la kubuni. Hilo nalo ni jambo la kuandikwa na wanahistoria.

Kwetu Kongo, mfuata mvua aliingizwa mpaka kwenye sheria. Hapa naomba msomaji anivumilie na tarehe, maana tarehe ndizo zenyewe. Januari 1972, wakati wa Mobutu, sheria ilisema kwamba waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950 ni raia. Juni 1981 ikaja sheria nyingine iliyoirudisha nyuma ile ya kwanza: sasa ili uwe raia, babu yako lazima awe wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi ilivyokuwa tarehe 1 Agosti 1885. Novemba 2004 sheria ikabadilika tena, ikatazama makabila na ardhi zilizounda Kongo ilipopata uhuru. Yaani mtu yule yule, bila kusogea kutoka kwenye kilima chake, analala raia anaamka mgeni, na baadaye analala tena mgeni anaamka raia. Na mwaka wenyewe wa 1885! Huo ndio mwaka Leopold wa Ubelgiji alipoanzisha dola lake la Kongo, ambalo wakati ule lilikuwa mistari kwenye ramani. Wabembe, Wafuliru, Wavira, Banyamulenge, hakuna hata mmoja aliyejulishwa. Babu zetu waliwekwa ndani au nje ya nchi na mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga.

Nilipoieleza hii kikundini, kijana mmoja wa kwetu Fizi alisimama. Ni kijana mzuri, anapenda kusoma, na sikutaka kumkatiza.

"Lakini yaya, tusidanganyane. Hao kweli walikuja."

"Walikuja. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba katika karne ya 19 walikuwa wameshafika Itombwe na ng'ombe wao. Na sisi?"

"Sisi ni wa pale."

"Babu yako hakukusimulia kwamba wazee walitokea msituni, upande wa ndugu zetu Warega, wakateremka mpaka ziwani?"

Akanyamaza kidogo. "Alisimulia. Lakini hiyo ni zamani."

"Zamani ya miaka mingapi ndiyo inatosha?"

Nilifikiri nimemshinda. Kumbe nilikuwa nimemwumiza tu, na hoja yake ya kweli ilikuwa haijatoka. Ilipotoka, ilikuwa ni Makobola. Alisema: "Yaya, wewe unajua nani alifanya Makobola." Najua. Nyumbani kwetu hakuna asiyejua. Mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 waasi wa RCD waliua mamia ya raia Makobola na vijiji vya jirani. Babu mzaa mama hakutoka huko. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, na jina langu la nyumbani ni la mtu aliyekufa pale. Katika jeshi lile la waasi walikuwamo Banyamulenge, na kwa wazee wetu hilo lilitosha, kabila zima likaingia kwenye hesabu, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa.

Lakini mvulana wa bombani naye alikuwa na tarehe yake. Nilikuja kuijua tukiwa wakubwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu wenye silaha waliingia kwenye kambi ya wakimbizi ya Gatumba, nchini Burundi, karibu kabisa na mpaka wetu, wakaua watu zaidi ya 150. Wengi wao walikuwa Banyamulenge, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alimtoa kwenye hema kwa nyuma. Dada yake hakutoka. Basi siku ile nilipomwambia arudi kwao, yeye alikuwa ameshakimbia nchi mbili.

Sikuzisema zote hizi Jumamosi ile. Nilisema ya Gatumba kwa ufupi, na kijana wa Fizi akakaa chini. Hakusema amekubali. Kwenye kikundi chetu huwa hatulazimishani kukubali, na ningekuwa mwongo kuandika hapa kwamba alibadilika. Jumamosi iliyofuata alikuja, basi.

Aliyetusogeza mbele ni kijana wa Kiturkana anayekujaga kutoka mjini. Yeye ndiye mwenyeji pekee kikundini, sisi wote wengine ni wageni wake. Alikuwa amekaa kimya muda wote huo, halafu akauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Kwani kufuata mvua ni tusi?" Tukamtazama. Akaeleza. Kwao mzee wa mifugo anayejua mvua itanyesha wapi, na akahamisha mbuzi na ngamia mapema, ndiye mwenye akili. Anayekaa pale pale ng'ombe wakifa, huyo ndiye wanamcheka. "Sasa huyo Ridhaa wakimwita mfuata mvua, si wamemsifu?"

Tulicheka sana, lakini alikuwa amegusa kitu ambacho mimi na KCSE yangu sikukiona. Neno lile limetoka kwa watu wa jembe. Linadhani kwamba mtu wa haki ni yule aliyechimba mahali pamoja. Na Banyamulenge ni wafugaji, walipanda ile milima wakitafuta malisho. Ukiangalia kwa jicho la mkulima wa bondeni wao ni wavamizi wasiotulia. Ukiangalia kwa jicho la kijana wa Turkana wanafanya kazi yao. Ugomvi wetu wa Kivu, wa Bonde la Ufa, na hata ule wa Kakuma kati yetu na wenyeji kuhusu kuni na maji ya Tarach, una hii ndani yake: nani kakaa, nani kahama, na nani kaamua kwamba kukaa ndiko haki. Nimesoma maelezo mengi ya Chozi la Heri katika miongozo ya mtihani, yale ya dhamira na maudhui na sifa za wahusika, na katika yote niliyosoma sikulikuta swali la kijana yule.

Kidogo kuhusu kitabu cha tatu, maana kilitajwa. Katika Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, mtawala wa Sokomoko anayejipatia mashamba ya wengine kwa karatasi za kughushi anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Mwandishi aliliweka jina lile wazi mbele yetu, nasi tukalipita kama jina tu. Nasaba ndiyo iliyotakiwa na sheria ya 1981. Na anayejisifu kwa nasaba katika riwaya ile ndiye mwizi wa ardhi, wakati Amani, anayefika kijijini kama mtu asiye na kwao na kupewa kazi ya kuchunga ng'ombe, ndiye mwenye haki ya mashamba yale kupitia babu yake. Walibora aligeuza meza. Ningependa kuandika zaidi lakini kitabu chetu kiliazimwa hakijarudi, na sitaki kukisema kwa kukumbukakumbuka.

Nikilinganisha wahusika, nina lawama kwa waandishi wote wawili. Wajumbe wa Shaaban Robert ni wema mno. Hakuna hata mmoja anayekasirika, anayetamani kulipiza, anayerudi akakuta mkewe ameolewa. Vijana wetu wanachoka na hotuba zao, na siwalaumu. Matei naye anafunga mambo mengi vizuri kupita kiasi: wanaopoteana wanakutana, yatima wanapata wazazi. Kambini tunajua ndugu walioachana Uvira na mpaka leo simu haijalia. Lakini lawama yangu kubwa ni kuhusu Mzee Kedi. Nataka sura moja tu ndani ya kichwa chake. Miaka yote ya kuazimana chumvi, halafu usiku ule. Alisita? Aliangalia pembeni? Baadaye alilala? Fasihi yetu ya Kiswahili imempa aliyechomewa mdomo wa kusemea, na ni haki, lakini aliyechoma tunamwona kwa mbali tu, kama kivuli kwenye mwanga wa moto wake mwenyewe. Mimi ambaye nilikuwa Kedi mdogo wa bombani nilitafuta mahali pa kujisoma, sikupata.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho ningeweza. Yule mvulana sasa ni mwanamume, yuko Marekani, familia yao ilipata bahati ya kuhamishiwa huko. Nilikuwa na namba yake kupitia kwa binamu yake. Nilipiga picha ule ukurasa wa mfuata mvua, nikamtumia, nikaandika chini: unakumbuka bombani? Halafu nikaongeza samahani, nikaifuta, nikaiandika tena.

Siku mbili kimya. Alama mbili za bluu, hakuna jibu. Siku ya tatu ikaja sauti, dakika nne. Alianza kwa kumsalimu mama. Akauliza kama mvua imenyesha Kakuma, nikajua ni utani. Kisha akasema anakumbuka. Alikumbuka mpaka rangi ya jerikeni yangu, njano yenye mfuniko wa bluu, ambayo mimi nilikuwa nimeisahau. Alisema siku ile hakulia, alichota maji yake akaenda, ila kuanzia hapo aliacha kunyoosha mkono darasani kwenye hesabu. Hilo sikulijua. Tulisoma darasa moja miaka mitatu zaidi na sikuliona.

Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Alitaka kujua tunasoma nini kingine. Nikamwambia habari za Ridhaa wa kwanza, aliyekwenda mbinguni akarudi akafungwa. Akaniuliza hicho kitabu kinaishaje. Nikamwambia chetu hakina mwisho, karatasi zimeng'oka, lakini nilishasimuliwa: Karama anashinda kesi, na wajumbe waliokuwa kifungoni wanafunguliwa.

"Walifunguliwa wakaenda wapi?" akauliza.

Nimeuliza kikundini. Jumamosi hii kila mmoja anakuja na jibu lake.